Kola Niliyoikata Baharini

Kila siku ya kazi, saa nne ya asubuhi, mashini zetu tatu za kushona zilinyamaza. Hakuna aliyepiga kengele. Mama mwenye ateliye aliondoa tu mguu wake kwenye pedali, nasi wengine tukaondoa yetu, halafu kila mmoja akavuta kapu lake la kazi ya mkono: vifungo, pindo, matundu ya vifungo. Tuliita ile "saa ya sindano". Mashini ya miguu ina kelele, na mtu hawezi kusikiliza habari za nyota huku kitu kinampigia taka-taka-taka chini ya pua.

Papa alisogeza pasi ya makala, yaani ya mkaa, mbali na vitambaa, akafuta mikono kwenye suruali, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango, kwenye mwanga. Alikuwa bwana wa Mama, na sote tulimwita Papa, hata wateja waliomzidi umri. Zamani alikuwa mekanisiye wa moteri za pirogi, mitumbwi ya ziwani, kule Mahagi-Port. Mgongo ulipomkatalia kuinama juu ya moteri, alipanda Bunia kumfuata mke wake, ambaye watu wake ni wa Butembo, mji wa biashara, na ambaye hakuwahi kukaa siku nzima bila kuuza kitu. Mama akampa pasi. Yeye akaja na pasi kwa mkono mmoja na katoni mbili za majarida kwa mkono wa pili.

Majarida yale alipewa na misioni moja siku walipokuwa wanamwaga vitu vya chumba kilichovuja. Yalikuwa ya Kifaransa, yote ya sayansi na teknoloji: satelaiti, damu, madaraja, wadudu, roboti. Papa alisoma mstari kwa macho, kimya, halafu akautoa kwa Kiswahili chetu, na ndani ya kila habari akaweka moteri. Moyo wa mtu ni pompe ya mazutu, ile dizeli, alisema, tofauti ni kwamba hauzimwi ili usafishwe. Satelaiti ni pirogi iliyozima moteri katikati ya ziwa na bado inatembea.

Mimi niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari. Kifaransa changu ni cha kuuliza njia na kusema merci. Lakini sikuwa mtu wa kulia juu ya shule. Niliona kwamba shule imenifuata hadi kwenye benchi langu, imeketi, na hainidai hata yunifomu. Siku ya habari za sayari yenye mapete, nilishona shati la mteja na mikono miwili yote ya kushoto. Mama alilinyanyua, akaligeuza, akaniuliza kwa upole, "Mutoto, huyu mutu uko unamushonea, anakaa kwa dunia gani?"

Kazi yangu katika saa ya sindano ilikuwa picha. Papa alifungua jarida, akaninyooshea, akasema kila mara maneno yale yale: "Nionyeshe picha." Hapo mimi niliwaeleza wengine kilichomo, kwa sababu hawakuweza kuacha sindano na kuja kutazama.

"Iko mutu," nilisema siku moja. "Anavaa nguo mweupe, munene-munene, na kofia ya kioo."

"Sawa mutu wa kutoa asali?" aliuliza Yaya. Yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo tulivyomwita, alikuwa na mashini iliyo jirani na yangu. Alikuwa amenizidi miaka kumi na ulimi mara mia. Nyumbani kwao walifuga ng'ombe, na alizungumza na watu wote kana kwamba wameingia kwenye shamba lake.

"Nyuki haiko. Iko na mupira moja nyuma, murefu, sawa mukia."

"Ile mupira ni ya hewa," Papa akadakia. "Kule juu hewa haiko, unapashwa kuenda nayo."

"Na kukojoa?" Yaya akauliza.

"Yaya!" Mama akasema.

"Niko nauliza sayansi, Mama. Si ni sayansi?"

Papa alicheka mpaka akakohoa, halafu akajibu, maana alijua. Ndivyo ilivyokuwa. Yaya alisema wakati mwingine kwamba siku hizi bitu yote iko kwa telefoni, mutu anauliza tu inajibu. Lakini telefoni yake ilikuwa inalala kwenye chaji nusu ya siku, na haikuwahi kutuambia habari ya kukojoa angani ikiwa imeshika tumbo kwa kicheko.

Sasa nieleze juu ya karatasi, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea.

Kushona kola bila patroni ni kubahatisha. Patroni ni ile karatasi iliyokatwa sura ya kola, au ya mkono, au ya mgongo, unayoilaza juu ya kitambaa na kuizungushia chaki. Karatasi kubwa ngumu hazipatikani ovyo kwetu. Tulikata mifuko ya sementi, tulikata kalenda za miaka iliyopita, na kwa ruhusa tulikata kurasa za matangazo za majarida ya Papa, maana ni karatasi nzito, hazikunjiki. Sheria ya Mama ilikuwa fupi: "Mukate matangazo. Musikate maneno." Gari, saa ya mkono, marashi: kata. Nyota, damu, moteri: acha.

Tukapata kazi ya korali moja, kwaya ya akina mama. Walitaka nguo nyeupe zenye kola pana za buluu, na ibada yao kubwa ilikuwa karibu. Mama alinituma nikate patroni ya kola haraka. Nilivuta jarida la juu katika katoni, ambalo tulikuwa bado hatujalisoma, nikakuta ukurasa wa buluu tupu, buluu inayoingia ndani hadi inakuwa nyeusi, na maneno meupe machache pembeni. Nikasema moyoni: marashi. Marashi ya mbali yako vile, yana buluu nyingi na maneno machache. Nikachana jani lile, nikapima, nikakata. Ile karatasi ya duara ya shingo iliyotoka katikati nilimpa Yaya awashie makala ya pasi. Ikaungua vizuri kabisa.

Wakati natundika patroni msumarini ndipo niliigeuza. Nyuma yake kulikuwa na maneno, safu tatu, madogo, yamebanana kama watu kwenye mlango wa kanisa siku ya Krismasi. Haikuwa marashi. Ilikuwa bahari.

Sikusema. Niliigeuza tena ile patroni, buluu ikatazama watu, maneno yakatazama ukuta, nikaenda kushona huku nikiomba Papa achague jarida lingine kesho yake.

Alichagua lile lile. Saa nne ilifika, miguu ikatoka kwenye pedali, naye akalifungua, akaninyooshea.

"Nionyeshe picha."

Picha ya kwanza ilikuwa bado ipo, kwenye jani la mbele. "Iko mashini," nikasema. "Rangi ya machungwa. Sawa kaa, na mukono moja, na malampe mbili mbele. Iko ndani ya mayi. Chini kabisa. Giza."

"Mm," Papa akasema. Akawa kama anasoma mstari, halafu akaanza. Ile mashini, alisema, waliituma chini ya bahari mahali ambapo hakuna mtu amewahi kufika, kwa sababu mayi ya kule juu yako yanakugandamiza sawa gari ya mizigo imekupandia. Haina dereva. Inashuka na kamba yake, siku tatu inashuka. Nami nilitazama kidole chake, maana jani la kwanza lilikuwa linaisha.

Akageuza ukurasa. Nikasubiri akwame. Nilikuwa tayari nimeshika maneno ya kuomba msamaha.

Hakukwama. Alisema kwamba kule chini ile mashini ilikutana na samaki mmoja ambaye ana lampe yake mwenyewe kwenye paji la uso. Samaki aliona malampe mawili, akafikiri amepata ndugu. Akatembea pembeni yake. Mashini ikienda kushoto, naye kushoto. Na wakati batri ilianza kuisha, malampe yakawa madogo, madogo, samaki hakuondoka. Akasimama pale na lampe yake moja, akaangazia.

"Maskini," Mama akasema. Sindano yake ilikuwa imesimama hewani.

"Samaki ya Kasenyi haina ile roho," Yaya akasema, lakini alipangusa jicho na kitambaa cha mteja.

Mimi nilikuwa natazama jarida. Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Kwenye ukurasa uliokuwa wazi magotini mwake, mkubwa, unang'aa, ulikuwa mkono wa mwanamume mwenye saa ya dhahabu. Hakukuwa na bahari pale. Bahari ilikuwa imetundikwa msumarini, nyuma ya kichwa chake, ikiwa na tundu la shingo.

Kwanza nilifurahi kwamba sikukamatwa. Halafu furaha ikanitoka kidogo kidogo. Nikamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, maana mtu unayemuona kila siku humtazami. Ndani ya macho yake, katikati, kulikuwa na weupe, kama maziwa yaliyodondoka kwenye chai kabla hujakoroga.

Ule weupe niliujua. Bibi yangu alikuwa nao. Sisi nyumbani tulisema ni uzee, tukamshika mkono, tukamwekea chakula karibu, tukaona tunampenda vya kutosha. Siku tulipompeleka kwa daktari, alisema jicho limeshazimika hata nyuma ya ule weupe, tumechelewa. Bibi aliishi miaka yake ya mwisho akitujua kwa miguu. Alinijua kwa kuburuta kandambili.

Siku ile nilishona vifungo huku nikirudi nyuma katika kichwa changu, habari moja baada ya nyingine. Roboti inayokamua ng'ombe. Daraja linalofunguka. Mji wa mchwa. Kila moja ilianza na "nionyeshe picha", na kila moja, nilipokumbuka vizuri, haikuwa na kitu ambacho sikukisema mimi kwanza. Ilikuwa ni maneno yangu yanarudi yamevaa nguo nzuri. Tangu lini, sikujua. Nilitaka kucheka na kulia. Mimi niliyeacha shule mwaka wa pili, nilikuwa nimeandika nusu ya sayansi ile bila kujua.

Lakini macho ya Papa hayakuwa mchezo. Nikinyamaza, atafika alipofika bibi. Nikisema mbele ya watu, nitakuwa nimemvua nguo katika ateliye ya mke wake. Nililala na neno hilo, nikaamka nalo.

Asubuhi nilifika mapema, kabla ya Yaya. Mama alikuwa amekwenda sokoni kutafuta uzi. Papa alikuwa anapuliza makala. Nikatoa patroni msumarini, nikasimama mbele yake kama mtoto wa kwanza primeri.

"Papa, niko na makosa."

"Umeshona tena mikono mbili ya kushoto?"

"Hapana. Nilikata bahari." Nikaweka ile karatasi katika mikono yake. "Juzi, mbele ya weye kusoma. Nilizania ni marashi. Ile jani ya mwisho ya habari ya mashini... haikuwa ndani ya kitabu, Papa. Njo hii."

Alipitisha kidole kwenye ukingo, akafuata mviringo wa shingo hadi mwisho, polepole, kama mtu anayekagua kipande cha moteri gizani. Makala yalilia ndani ya pasi. Hakuniuliza nilimaanisha nini.

"Nani anajua?"

"Miye tu."

"Herufi zilianza kutembea mvua za mwaka uliopita," akasema. "Sawa sisimizi. Kisha zikakimbia zote. Bile bitabu nilikuwa nimesoma zamani, niliwaambia kwa kichwa. Bile ilipoisha..." Akacheka kidogo. "Weye unaeleza picha muzuri, mutoto. Unaeleza mupaka mutu anaona."

"Basi tuende wakuangalie. Nyankunde, kwa hospitali. Banatoa ile mweupe."

"Na sindano."

"Papa! Weye unaishi ndani ya masindano!"

"Ya nguo," akasema, na hakucheka tena. Kule ziwani, alinisimulia, aliona mtu mmoja aliyekubali kuchokolewa jicho na mganga wa kupita njia, na yule mtu hakuona tena hata jua. Tangu hapo, ukimtajia jicho na chuma, mgongo wake unatoa jasho. Tena, alisema, Mama akijua atamnyang'anya pasi. Atamkalisha nyumbani sawa gunia. "Acha tu. Iko muzuri hivi. Weye unaeleza picha, miye nasoma."

Lilikuwa ombi zuri, na ningeweza kulikubali. Ningekuwa na kazi tamu kuliko zote Bunia. Nilikumbuka kandambili zangu mlangoni kwa bibi.

Nikamnyang'anya patroni, kwa heshima.

"Ile yako ya samaki ni muzuri," nikasema. "Lakini iko uongo. Ya kweli iko hapa. Jana jioni nilijaribu kuisoma na Kifaransa yangu ya sokoni. Waliivuta ile mashini na kamba, ikafika juu. Na kwa mukono yake, Papa, ilikuwa inashika kitu."

Kichwa chake kikainuka. "Kitu gani?"

"Sijuwe. Herufi ni ndogo, na miye sikusoma sana. Utakuja kusoma weye mwenyewe."

"Mutoto, jaribu."

"Hapana, Papa."

Haukuwa uongo, ingawa haikuwa kweli yote. Nilikuwa nimesoma hadi pale pale, neno kwa neno, nikiweka kidole: *walikuta ndani ya mkono wake*, na baada ya hapo ilikuwa shingo. Kitu chenyewe kilikuwa kimeungua katika pasi ya Yaya. Lakini sikuona haja ya kusema yote siku moja.

Siku zilizofuata hatukuwa na saa ya sindano. Papa alisema koo limekauka. Saa nne ilifika, Mama akaondoa mguu kwa mazoea, akaurudisha. Mashini zikaendelea kupiga kelele, na Yaya akawa mkali kwa kila mtu hadi akamgombeza mteja kwa kuwa na mabega mapana. Papa alipiga pasi tu. Mara moja aliponipita alininong'oneza, "Ni jiwe? Wanaletaka majiwe kutoka kule."

"Sijuwe, Papa."

Siku ya pili: "Ni kitu ya uzima?"

"Iko kwa karatasi, Papa."

Siku ya nne aliweka pasi chini katikati ya nguo ya korali, nyeupe na buluu, akasema kwa sauti ya kila mtu, "Mama, sioni."

Mama hakugeuka. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Jumatatu uliamukia manekani ya nguo. 'Karibu Mama, ikala kwa kiti, habari ya watoto?' Na manekani haina hata kichwa."

Yaya alianguka juu ya mashini yake kwa kicheko, na Papa naye akacheka, kwanza kwa haya, halafu kwa kweli. Ndipo Mama akageuka, na niliona kwamba uso wake haukucheka. "Nilikuwa nangojea weye useme," akamwambia. "Mutu hawezi kumwambia bwana yake kitu kama ile." Halafu akafikiri kidogo. "Lakini vitabu, je? Vitabu ulikuwa unasoma."

Papa akanitazama, au akatazama mahali nilipokuwa. Nilishughulika na kifungo.

Walikwenda wiki ile, wawili, siku njia ilipokuwa nzuri. Waliniachia funguo na Yaya, na Yaya akasema ni yeye aliyeachiwa funguo pamoja nami. Saa nne aliniamuru nisome. Nilisoma Kifaransa changu, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, hadi Yaya akaniomba kwa ajili ya Mungu nieleze tu picha. Nikaeleza. Tulikuwa wawili tu, na bado ilikuwa nzuri, ingawa nilikuwa nasikiliza barabara kila gari lilipopunguza mwendo.

Walirudi na Papa akiwa na plasta kwenye jicho moja, la pili litafuata baadaye, walisema. Alikuwa mchangamfu kama mtu aliyeshinda kesi. Alisema sindano ya mule ni ndogo kuliko ya kushonea hariri, na kwamba yule daktari angefaa kwa moteri. Plasta ilipotolewa na miwani ikapatikana, alitembea katika ateliye akitazama kila kitu. Alimtazama Mama kwa muda mrefu sana, hadi Mama akamuuliza kama kuna uzi kwenye uso wake. Alitazama pasi, akasema, "Kumbe niliunguza meza." Alinitazama mimi, akasema alifikiri mimi ni mrefu.

Saa nne, miguu ikatoka kwenye pedali. Papa akaketi karibu na mlango. Nikatoa patroni msumarini, nikampa, na sasa ni mimi niliyekuwa na jasho mgongoni, kwa sababu ulikuwa umefika wakati wa kweli yote.

Aliigeuza upande wa maneno. Akarekebisha miwani. Alisoma mstari kwa macho, kimya, na niliona jicho lake likitembea, kushoto, kulia, kushoto, kulia, jicho safi, jeusi katikati. Halafu akautoa kwa Kiswahili. Waliivuta mashini kwa kamba usiku na mchana. Watu walisimama juu ya meli wamevaa makoti. Ikatoka, inadondosha mayi, na walipoiangazia, walikuta ndani ya mkono wake...

Jicho likafika kwenye shingo. Papa akainua karatasi, akanitazama kupitia lile tundu. Nilimuona kule upande wa pili, jicho moja na nusu ya ndevu.

"Mutoto," akasema taratibu. "Weye ulijua."

"Nilijua, Papa."

"Nini?" Yaya akapiga kelele. "Walikuta nini? Papa, usitufanye hivyo!"

Papa alishusha ile kola, akailaza magotini, akaipapasa ikakaa sawa. Buluu ilikuwa chini, maneno juu, na tundu katikati likionyesha suruali yake. Aliinamisha kichwa, akaanza kusogeza kidole juu ya tundu, kushoto kwenda kulia, hakukwama hata mara moja.

"Lampe kidogo sana," akasoma. "Sawa kifungo ya shati. Ilikuwa bado inawaka."